Chambo na Harufu: Habari za Usasi wa Paa katika Pemba ya Kaskazini

Mwalimu afundishaye Zaburi ya 42 katika shule za pwani hujikwaa mwanzoni kabisa. Zaburi hiyo yamtaja mnyama mwenye kiu atafutaye maji, na Biblia ya mwaka 1952 yamwita *ayala*. Watoto huuliza, "Ayala ndiye nani?" Mwalimu mmoja hujibu kwamba ni paa, wa pili husema ni kulungu, wa tatu husema ni swala, na kila mmoja amekosea kidogo. Jina hilo asili yake ni Kiebrania, nalo lina ndugu yake katika Kiarabu, lakini mnyama mwenyewe hayumo katika nchi zetu, tangu pwani hata maziwa makuu. Ayala huangusha pembe zake kila mwaka, akaota nyingine. Paa na swala wetu pembe zao ni za maisha. Katika Afrika yote ayala wa asili hupatikana upande wa kaskazini tu, katika Tunisia na Algeria. Katika bahari hii wako wageni, kama wale ayala wa Java ambao Waholanzi waliwapeleka kisiwa cha Mauritius mwaka 1639.

Basi ikiwa ayala hayuko, yuko mnyama aliye karibu naye kwa tabia, naye ni paa. Huyu pia ana mahali pake katika Maandiko. Maana Tabitha wa Yafa, aitwaye Dorkasi kwa Kiyunani, jina lake maana yake ni paa, na wako wanawake wengi makanisani mwetu waitwao hivyo wasijue. Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za paa wa kisiwa cha Pemba, na hasa hila mbili ambazo kwazo msasi hutafuta kumpata paa aliyekomaa, yaani chambo na harufu. Twataka kuonyesha ya kuwa hila hizo mbili zina kanuni moja: mnyama mpevu hadanganywi kwa kitu kigeni, bali hunaswa kwa mazoea yake mwenyewe. Na mwisho twataka kusema kwa nini maarifa hayo hayapasi kupotea, ijapokuwa hatumtakii paa huyo kusakwa tena.

Mahali tulipopachagua ni Tumbe. Mtu atashangaa, kwa kuwa Tumbe, katika wilaya ya Micheweni, ni mji wa wavuvi, na soko lake la samaki ni moja katika masoko makubwa ya Pemba. Lakini ndiyo sababu yetu. Neno *chambo*, ambalo wingi wake ni *vyambo*, ni neno la mvuvi kwanza. Na anayetaka kujua maana yake msituni ni heri aanze baharini. Tena Tumbe haiko mbali na msitu. Upande wake wa magharibi, kupita Konde, uko msitu wa Ngezi, ambao ni sehemu kubwa ya mabaki ya mwitu wa kale wa Pemba.

Tena mji huu una umri. Wachimbaji wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher pamoja na wenzao, walifukua hapo kijiji kikubwa kilichokaliwa tangu karne ya 7 hata ya 10. Walipata maelfu ya vipande vya vyungu vyenye mifuo, ambavyo kwavyo watu wa zamani walisugulia shanga za makombe. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua, alionyesha kwamba watu hao wa kwanza walikula sana mawele, na ya kuwa mpunga ulitawala baadaye, mji ulipokuwa Chwaka, karibu na hapo. Chwaka ilisimama tangu karne ya 11 hata ya 16, na magofu yake ya misikiti yangaliko. Nyuma yao wakaja Wamazrui wa Mombasa, waliotawala Pemba hata miaka ya 1820, nao pia waliacha makaburi yao hapo. Twayataja haya ili msomaji ajue ya kuwa kwa muda wa miaka zaidi ya 1,000 watu wa upande huu wamelima kando ya mwitu. Na mwenye shamba kando ya mwitu ana jirani, apende asipende.

Jirani huyo ni paa. Katika Unguja wako paa wa namna zaidi ya moja, kama paa nunga na chesi; katika Pemba yuko mmoja tu, jamaa yake chesi. Ni mnyama mdogo sana, uzito wake hupata kilo 4 au 5, na pembe zake ni fupi kama vidole, dume na jike vilevile. Hukaa wawili wawili, mume na mke, katika kipande kidogo cha msitu ambacho hawakiachi. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Mtoto akiisha kukua huondoka akatafute mahali pake, na katika safari hiyo hana njia wala maficho ayajuayo. Kwa hiyo yeye ndiye anasaye upesi katika kila mtego. Lakini paa aliyekomaa ajua kila shina na kila pito katika nchi yake. Ajua tawi lililokuwapo jana na lisilokuwapo. Huyo ndiye aliyempa msasi kazi.

Hapa tuseme neno juu ya jina lake, maana lugha yetu yalitumia kwa mambo mengi. *Paa* ni mnyama. *Paa* ni sehemu ya nyumba izuiayo mvua. *Kupaa* ni kwenda juu, nasi twaadhimisha Sikukuu ya Kupaa kwake Bwana. Na katika Tumbe *kupaa samaki* ni kumwondolea magamba. Mwalimu na awe mwangalifu asiwachanganye wanafunzi, wala asidhani ya kuwa maneno hayo yametoka katika shina moja kwa kuwa yafanana.

Namna alivyofika Pemba ni jambo la kufikiri. Unguja iliunganika na bara zamani bahari ilipokuwa chini, kwa kuwa mlango wake wa bahari si wa kina kirefu; katika pango la Kuumbi, upande wa kusini wa Unguja, imeonekana mifupa ya wanyama wa bara, hata punda milia na nyati. Lakini mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na wanyama wakubwa wa bara hawakupata kukivuka: Unguja palikuwa na chui, Pemba hapakuwa na chui. Kwa hiyo wataalamu wameuliza kama baadhi ya wanyama wa Pemba hawakuletwa na watu. Martin Walsh aliandika mwaka 2007 juu ya usasi, utegaji na uhamishaji wa wanyama katika visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, naye aonyesha jinsi mambo hayo matatu yaendavyo pamoja. Maana mtu hawezi kumhamisha mnyama kwa jahazi asipoweza kumkamata hali yu hai.

Na ya kuwa watu wa visiwa walimkamata paa hai, tunao ushahidi mzuri katika hadithi. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1870, aliandika habari za maskini mmoja, jina lake Haamdani, aliyekuwa akichakura jaani apate punje za mtama. Siku moja akaokota kisarafu, akampata mtu apitaye na tundu la paa wa kuuza, akanunua mmoja. Hadithi ni hadithi; paa yule husema kama mtu. Lakini msimulizi hakuona haja ya kueleza kwa nini mtu apita njiani na paa katika tundu. Kwa wasikilizaji wake jambo hilo halikuwa ajabu.

Kwa nini hai? Hapa hatuna budi kutaja sheria ya watu wa Tumbe, ambao ni Waislamu tangu kale. Sura ya 5 ya Kurani yahesabu mnyama aliyenyongeka kuwa ni katika vilivyoharimishwa, ila akiwahiwa kuchinjwa. Tena yaruhusu windo lililoshikwa na mnyama aliyefundishwa, jina la Mungu likiisha kutajwa. Kwa hiyo kitanzi cha shingo ni hasara: paa aliyekutwa amekufa ndani yake ni mzoga, na kazi yote ya mtegaji imekwenda bure. Yampasa atege kwa namna ya kumshika mguu, na kuamkia mtego wake mapema. Mishale ya sumu, iliyo silaha kuu ya wasasi wengi wa bara, ina taabu ileile. Hivyo sheria ya jikoni ilifika msituni, ikachagua silaha. Ndipo mtego, wavu na mbwa vilipokuwa vyombo vya usasi wa visiwa. Na ndipo chambo na harufu vilipokuwa na maana, kwa kuwa mnyama hakupigwa kwa mbali, bali alingojewa aje kwa miguu yake.

Sasa tutazame chambo. Mvuvi wa Tumbe atiaye dema baharini ajua mambo matatu. Kwanza, chambo chake ni chakula ambacho samaki wa mahali hapo hula kila siku. Pili, maji ndiyo yachukuayo habari za chambo. Dema likiwekwa vibaya katika mkondo, hakuna samaki apataye habari. Tatu, mlango wa dema ni mpana nje na mwembamba ndani, hata samaki aingia bila kuona kwamba ameingia. Hayo matatu yote yako msituni.

Paa hula majani na maua, lakini hupenda zaidi matunda, naye hawezi kupanda mti. Hula yaliyoanguka. Kwa hiyo hufuata mahali walipo tumbili, ndege na popo, ambao huangusha zaidi ya wanayokula. Chini ya mkuyu au mzambarau ulioiva, paa huja bila kuitwa. Chambo chake, basi, hakitoki nyumbani kwa msasi. Chambo ni mti wenyewe. Kazi ya mtegaji ni kujua mti gani waangusha wiki hii na upi utaangusha wiki ijayo, na ni pito lipi litokalo maficho ya paa kwenda mti huo. Akitaka kuongeza matunda, huongeza yale yale. Mtu awekaye chini ya mkuyu kitu ambacho mkuyu hauzai, huwanasa wanyama wachanga na wajinga. Mpevu husimama mbali, huinua pua, hurudi.

Vivyo hivyo na uzio. Mvuvi husimamisha uzio wa fito katika maji ya kupwa na kujaa, samaki akaufuata mpaka mlangoni. Mtegaji wa nchi kavu hupanga matawi chini chini, kana kwamba yameanguka yenyewe, akaacha pengo moja pale ambapo paa alikuwa akipita siku zote. Paa angeweza kuruka. Lakini haruki, kwa sababu njia yake iko wazi. Penye pengo ndipo kilipo kitanzi.

Katika kitanzi hicho limo neno ambalo wasomaji wetu hulitumia kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Ufito uliopindwa, ambao ukifyatuka huinua kamba, pamoja na kile kijiti kiuzuiacho, waliuita *mtambo* wa mtego. Bunduki zilipokuja, kile kifyatuacho kikaitwa mtambo wa bunduki. Zikaja mashine, nazo zikaitwa mitambo. Na chombo kipigacho chapa kurasa kama hizi ni mtambo wa kupiga chapa. Tena kitenzi *kutega* kimeenea mbali na msitu. Mwalimu awaambiapo wanafunzi, "Tegeni masikio," amewaambia waweke masikio yao kama mitego, wazi na kimya, wakingoja neno lipite. Atoaye kitendawili hujibiwa, "Tega!" na afumbuaye husemwa amekitegua, kama mtu aondoaye kitanzi kabla hakijamshika. Na mvuvi asemaye *chambo* na msasi asemaye *chambo* hawakuazimana neno kwa bahati; kazi yao ni moja, ni kungoja mwenye njaa apite njia yake ya kila siku.

Tukiacha chambo twaja kwenye harufu, nayo ni ngumu zaidi. Lugha yetu katika jambo hili ni tajiri. Twasema *kunuka* kwa harufu mbaya na *kunukia* kwa harufu nzuri. Na *kunusa* ni kuitafuta harufu kwa pua. Nalo ni tawi la *kunuka*, kwa kuwa sauti ya *k* imegeuka kuwa *s*, kama vile katika *kusaka* tukapata *msasi*. Maneno haya yote ni ya mwanadamu, kwa sababu mwanadamu ndiye apambanuaye harufu nzuri na mbaya. Paa hapambanui hivyo. Kwake udi na jasho ni kitu kimoja, maana vyote viwili vyamwambia, "Mtu yuko hapa." Swali lake si kama harufu ni nzuri, bali ni ya nani.

Hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa watu wa pwani yetu wamependa manukato kuliko wengi. Udi, ubani, asumini, mawaridi na zabadi ni sehemu ya nyumba ya heshima. Hata mnyama mmoja wa Pemba aliletwa, kwa kadiri wataalamu waonavyo, kwa ajili ya manukato: ni ngawa mdogo wa asili ya Asia, ambaye hupatikana pia Unguja, visiwa vya Ngazija na Bukini, naye hutoa zabadi. Mtu aliyetoka arusini hawezi kwenda kutega siku hiyo. Na mtu aliyetoka pwani kupaa samaki hawezi vilevile. Msasi mwenye akili hatafuti dawa ya kumvutia paa kwanza. Hutafuta kwanza namna ya kutokuwapo. Hushika kamba zake kwa mikono iliyosuguliwa majani ya mahali hapo. Huacha mtego ukae mpaka mvua au umande uondoe harufu ya vidole vyake. Hapiti katika pito la paa, bali kando yake.

Upepo nao una sheria yake, na Tumbe yaonyesha vizuri. Msitu wa Ngezi uko magharibi ya Tumbe. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo hutoka kaskazini-mashariki. Mtu atokaye Tumbe kwenda Ngezi aupata begani kwa nyuma, upande wa kuume. Wakati wa kusi upepo huja kutoka kusini na kusini-mashariki. Aupata upande wa kushoto, tena kwa nyuma. Maana yake, katika misimu yote miwili harufu yake yamtangulia msituni. Paa amekwisha kujua habari zake kabla yeye hajauona mti wa kwanza. Hapana dawa ya hilo ila kuzunguka na kuingia kwa upande mwingine, ijapokuwa njia ni ndefu. Wavuvi huujua upepo kwa tanga. Msasi huujua kwa vumbi au majivu yaliyoachiliwa vidoleni. Lakini ni upepo mmoja, na ni elimu moja.

Kuna harufu moja tu ambayo paa mpevu huifuata bila kushuku, nayo ni yake mwenyewe. Chini ya jicho lake pana tezi itoayo majimaji mazito, naye huyapaka katika vijiti na majani, apate kumjulisha paa mwingine ya kuwa nchi hii ina mwenyewe. Tezi hizo ni kubwa zaidi kwa yule ndugu yake mdogo wa Unguja ambaye elimu ya wanyama ilimpa jina *moschatus*, yaani mwenye miski. Wa kwanza kuandikwa kwa jina hilo, mwaka 1846, alitoka kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Mtegaji ajuaye kuona vijiti vilivyopakwa huwa ameuona mpaka wa nchi ya paa kama mtu aonavyo mipaka ya shamba. Dume mwenye nchi hurudi hapo tena na tena, ili asije mgeni akaweka alama yake. Hapo tena ni mazoea yamletayo, wala si kitu kigeni.

Watu wa nchi nyingine wamefika kanuni ileile kwa njia nyingine. Katika misitu ya Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti hutandaza nyavu zao, wanawake na watoto wakafukuza wanyama. Na windo lao kubwa ni paa wa jamaa moja na huyu wa Pemba, wamwitao *mboloko*. Katika misitu ya Kongo wako pia wasasi waitao paa kwa mdomo: hubana pua na kutoa kilio cha paa aliyeshikwa, na paa huja kutazama. Hicho ni chambo cha sikio. Katika Marekani wako wasasi wengi wawekao mahindi na chumvi msituni, na kunyunyiza mkojo wa ayala jike ili dume aliyekomaa avutwe. Lakini huko wamepata funzo. Maradhi ya kukonda ya ayala, yaliyotambuliwa kwanza katika jimbo la Colorado mwaka 1967, huenea kwa mate, mkojo na kinyesi, hasa mahali ambapo wanyama wengi hukusanyika penye chakula kimoja. Kwa hiyo baadhi ya majimbo yamekataza chambo, na mengine yamekataza mkojo wa ayala halisi. Chambo cha kigeni kiliwakusanya wanyama ambao kwa desturi yao wangetawanyika, na madhara yakatoka hapo.

Pemba madhara yalitoka upande mwingine. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilivunja mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba ikapona. Tangu hapo Pemba ikawa nchi ya karafuu kuliko zote. Mashamba yalipandwa kwa mikono ya watumwa, hata utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, nayo yalikula mwitu wa magharibi na wa katikati ya kisiwa. Mwitu ukawa vipande. Paa mpevu, ambaye nguvu yake yote ni kukijua kipande chake, hana akili ya kuhamia kingine. Tena mbwa na nyavu katika msitu mkubwa ni usasi. Katika kichaka kidogo ni kufagia. Mtegaji wa zamani alishika mmoja baada ya kungoja siku nyingi, na kungoja kwake kulikuwa ulinzi wa mnyama. Kundi la watu na mbwa katika kichaka halingoji.

Serikali ilitenga Ngezi kuwa msitu wa hifadhi katika miaka ya 1950, na Sheria Na. 10 ya 1996 ya Zanzibar iliweka kanuni za kulinda misitu na viumbe vyake. Hata hivyo paa wa Pemba wamebaki wachache. Lakini hatukati tamaa, maana Pemba yenyewe imetupa mfano. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana mahali pengine po pote duniani, alisakwa hata mwaka 1989 ilidhaniwa wamebaki wachache sana. Vijiji kama Kidike vikaanza kuwalinda mitini mwao, na baada ya miaka kama 20 walihesabiwa zaidi ya 20,000. Popo hao huangusha matunda, na matunda ni chakula cha paa. Aliyemlinda mmoja amemwekea mwenziwe meza.

Basi wasomaji wetu, waalimu na makasisi, watauliza, "Haya yatuhusu nini sisi?" Twajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la lugha. Maneno ya utegaji, kama *mtambo* wa ufito, *pito*, *kutegua* na *kufyatuka*, yalizaliwa katika kazi ambayo watu hawaifanyi tena sana. Kazi ikifa, neno hubaki kama gamba la konokono, zuri lakini tupu. Mwalimu aliye karibu na wazee, wawe wa Tumbe au wa mahali pengine, na ayaandike pamoja na maelezo ya kitu chenyewe, na picha ya mkono kama aweza. Tena maarifa ya mtegaji, yaani kuujua mti uangushao, pito na mpaka uliopakwa, ndiyo hasa atakayo mtu wa hifadhi apendaye kuwahesabu paa bila kuwagusa. Elimu ile ile iliyoweka kitanzi yaweza kuweka ulinzi.

La pili ni la mafundisho. Isaka kipofu alidanganywa kwa harufu ya nguo za Esau, ambayo ilikuwa harufu ya shamba aliyoizoea na kuipenda. Hakudanganywa kwa kitu kigeni. Na Mtume Paulo aliandika ya kuwa harufu moja ni uzima kwa hawa na mauti kwa wale. Mhubiri ajuaye habari za paa anaweza kuyaeleza hayo kwa watoto wa pwani bila kwenda mbali. Na afundishapo Zaburi ya 42, asione haya kusema, "Ayala hatumjui, lakini twamjua paa." Mtoto atakayeanza na anayemjua atafika kwa asiyemjua.

Yule Haamdani wa hadithi alipewa utajiri na paa wake, akapewa nyumba na mke wa kifalme. Paa alipougua, bwana wake hakumjali. Akafa, na yule mtu akajikuta tena jaani, akichakura punje za mtama. Waliomsimulia Askofu Steere hadithi hiyo walikuwa watu wa visiwa hivi, nao walijua walisemalo juu ya kusahau fadhili ya mnyama mdogo.